Clement Yarnold na Kengele za Pasaka

Clement Ambrose Yarnold, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1941 katika Mtaa wa Daraja hapa Hamstow, nyumba ya pili kutoka Mto Severn, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Ernest na Bibi Edith Yarnold. Mafuriko ya mwaka 1947 yaliingia mpaka ndani, na marehemu alipenda kusema kwamba alijifunzia kuogelea jikoni.

Alisoma shule ya kanisa, kisha sekondari ya mji, akamaliza mwaka 1956. Walimu walimwona mpole na mzito wa masomo. Wakati huo mjomba wake alikuwa amekwisha kumfundisha kupiga kengele katika mnara wa Mtakatifu Kenelm, na huko hakuwa mzito hata kidogo.

Alikuwa fundi wa mashua katika karakana iliyo chini ya daraja hadi alipostaafu mwaka 2006. Tangu 1979 aliwaongoza wapiga kengele wa kanisa letu. Kila Ijumaa Kuu alipanda mnarani akazivika ndimi za kengele, zile nyundo zake za ndani, kofia za ngozi upande mmoja, ili pigo moja lisikike wazi na la pili lijibu kwa unyonge, kama mwangwi kutoka ng'ambo ya mto, mlio wa msiba. Jumamosi alipanda tena kuzivua. Pasaka, alisema, haipigwi na kengele iliyozibwa mdomo.

Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1965, vijana walipokuwa wakishindana kuvingirisha mayai ya sikukuu kwenye mteremko wa kanisa, kama ilivyo desturi, yai la Hester Tolley lilipitiliza likatumbukia mtoni. Clement akalifuata majini na viatu vyake vya ibada. Hester akamwuliza kama kwao hakuna mayai. Akajibu yapo, ila hili limepakwa rangi vizuri. Walifunga ndoa tarehe 1 Oktoba 1966, wakajaliwa binti mmoja, Philippa.

Februari mwaka huu daktari alimkataza ngazi za mnara kwa sababu ya moyo. Ijumaa Kuu akapanda. Bibi Hester alikuwa amemwambia kwamba akipanda asirudi kuomba chai. Alirudi, akapewa chai. Jumamosi asubuhi, tarehe 20 Aprili 2019, aliinama kufunga kamba za viatu ili aende kuzivua zile ngozi, na hakuinuka tena.

Bibi Hester hakulia. Aliosha vikombe, akavifuta, akaviosha tena. Watu waliomletea keki za Pasaka aliwashukuru wote kwa sauti ile ile. Asubuhi ya Pasaka alikuwa dirishani, chai imempoa mkononi, kengele zilipoanza. Pigo wazi, pigo lililozibwa. Majirani waliokuwa njiani kwenda ibadani wakavua kofia. Yeye akajua kwamba hakuna aliyepanda kuzivua ngozi. Kule chini ya mnara, kwenye kamba za kengele, kila mpigaji alidhani mwenzake ameziacha ngozi makusudi kumheshimu marehemu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Bibi Hester akavaa koti juu ya gauni la kulalia, akaenda kanisani. Hakuhisi baridi wala majonzi. Alichojua ni kwamba kazi ya mwisho ambayo mumewe alikuwa akiiendea ilikuwa haijafanyika. Rodney Beddoes, msaidizi wa marehemu, alipomwona mlangoni akawasimamisha wenzake.

"Shemeji, ni kwa heshima yake."

"Heshima yake mtampa siku ya kumzika. Leo si siku yake. Kazivueni."

"Ibada inaanza sasa hivi. Halafu ngazi zile, na magoti yangu haya?"

"Clement alipanda na moyo mbovu. Na Bwana Yesu alilala kaburini tangu Ijumaa, Rodney. Robo saa haitamdhuru."

Rodney akapanda. Kasisi Marian Oakes akaombwa angoje, akangoja, na kanisa zima likangoja pamoja naye katikati ya maua ya mayungiyungi ya Pasaka. Kisha kengele zote zikalia wazi, zikasikika hadi mashamba ya ng'ambo. Bibi Hester alisimama chini ya mnara mpaka pigo la mwisho. Alisema zimepigwa sawasawa, akarudi nyumbani. Kulia, bado hajalia.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Hester, binti, Philippa, na mumewe Gareth, mjukuu, Imogen, na dada, Dorothy.

Kengele zimevikwa ngozi tena tangu jana jioni, kwa ombi la Bibi Hester mwenyewe. Tukitoka kaburini zitampigia Clement peke yake.

Mungu ampe pumziko jema.