Koili ya Wathome

Sogeeni wanangu, wewe Makau na wewe Ndila, na mfunge huo mlango, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kugawia majirani. Shamba la Kalama mpaka wake ni mkonge, atakayeung'oa nitamrudia.

Sasa la moyoni. Makau, nimesikia umeteremsha koili ya baba yako kutoka darini, eti unafungua studio yake ya picha upya. Kulala kwangu hapa usidhani masikio pia yamelala.

Baba yenu Wathome aliitoa koili hiyo kwenye jiko la stima lililotupwa, akaizungusha juu ya kigae, waya uchi hivyo hivyo, ili dawa ya picha isipoe kwa baridi ya Julai, na juu yake akaweka chungu. Chungu kilipopasuka, mimi niliyeacha darasa la pili nikachunge mbuzi nikampa beseni langu la bati, nisijue bati hupitisha stima. Akaingiza mkono atoe picha, miguu mitupu, simiti imelowa. Yeye hakulia. Nilisikia beseni tu likianguka.

Na wiki hiyo hiyo, kabla hajafa, jirani yetu Kamanthe alikuja kuchukua picha yake, akachungulia mle gizani alimosafishia picha, akaniambia, "Mama Makau, huo waya utaua mtu." Tulipozika, nikasimama mbele ya kaburi nikasema Kamanthe alimtamkia mume wangu kifo. Wakamwita mchawi, wakamchomea nyumba, akahamia Konza na watoto wake. Miaka kumi na tisa nimejua ni beseni langu, na nikanyamaza. Maji yaliyomwagika hayazoleki, sawa, lakini tope lake hupanguswa.

Mpelekeeni Kamanthe mbuzi, yule jike mweupe, azae kwake, na mseme mbele ya watu, si kwa kunong'ona nyuma ya jiko: ulituonya, tukakuita mchawi, beseni lilikuwa la mama.

Makau, leta koleo. Usiniambie utaifunga vizuri. Baba yako pia alikuwa fundi. Ikate hapa nisikie.

Tena.

Hivyo. Vipande mvitupe chooni.

Leteni viganja niwatemee baraka... mdomo umekauka. Ndila, niloweshe ulimi. Hapo. Mzae, mshibe, msigombane... na mikono yenu isi... isiguse...

Yule mweupe, Makau. Usimpelekee dume.