Mapafu, Mpiga Tarumbeta Aliyepima Hewa Kwanza

Marehemu kaka yetu, ambaye karibu nyote mlioketi hapa mlimwita Mapafu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na mvulana pekee wa bawabu wa shule na mkewe, mshona magunia. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo mtoto alilia hadi wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakadhani king'ora cha kiwanda kimeharibika. Mama alikuwa mtu wa kutia chumvi, lakini majirani wa ukuta kwa ukuta hawakuwahi kubisha.

Alisoma katika shule ileile ambayo baba yake alifungua na kufunga geti lake, jambo lililomnyima kabisa raha ya utoro. Darasa la tano alitolewa kwenye kwaya. Mwalimu wa muziki, mama mpole asiyejua kukaripia, alimpeleka stoo, akampa tarumbeta kuukuu lenye kibonyezo kilichokwama, akamwambia, "Mwanangu, sauti yako nzuri, ila haipendi kukaa na za wenzake. Hebu ipitishie humu." Muhula ulipoisha, marehemu alikuwa anapuliza noti moja tu wakati wenzake wanaimba jedwali la saba, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kuchoka. Hapo ndipo jina la Mapafu lilipomganda. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akiwa na alama za wastani na midomo migumu kama soli ya kiatu.

Mwaka 1970 aliajiriwa kitengo cha vifurushi katika posta kuu, na hapo alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2011. Saa ya chakula cha mchana alijifungia kwenye ghala akafanya mazoezi katikati ya maboksi, kwa imani kwamba maboksi yanameza sauti. Hayakuimeza. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na duka la fundi cherehani, binti mwenye subira ndogo, na siku moja binti huyo aliingia ghalani na mkasi wake mkononi.

"Kaka, huo wimbo wako una mwisho?"

"Unao, ila mwisho wake bado haujanikubali."

"Mimi umeshanikubali kwa kuusikia tu," alisema yule fundi, akauimba mpaka mwisho bila kukosea, akageuka akaenda zake.

Kesho yake marehemu alimpelekea suruali ili azibe tundu. Suruali ilikuwa haina tundu. Fundi aliigeuza nje ndani, akamtazama, akamwambia aache na shati pia. Walifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili, na katika maisha yao yote mke ndiye aliyekuwa akimwambia mumewe wimbo uishie wapi.

Mwisho wa wiki marehemu alipiga na bendi ya marafiki zake katika harusi. Ilikuwa ni katika harusi moja, Jumamosi ya Novemba mwaka 2003, ambapo maisha yake yalichukua mkondo ambao wengi wenu mnaujua. Muuza nyama wa mtaani alikuwa anamwoza binti yake. Umeme ulikatika mapema mchana, jenereta likawashwa uani, sherehe ikaendelea. Kisha ikanyesha mvua kubwa. Wahudumu walifunga madirisha ili mapazia yasilowe, na mtu wa jenereta, kwa nia njema kabisa, aliivuta mashine yake ndani ya korido ya nyuma isinyeshewe. Hakuna aliyemwona.

Wimbo wa keki ulipofika pale marehemu alipozoea kushikilia noti yake ndefu, pumzi ilimkatikia njiani. Alijaribu tena, ikakatika tena. Mpiga ngoma alimgeukia akamtazama, maana jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea. Marehemu aliona haya, akatoka barazani kama mtu anayekwenda kutazama mvua. Kichwa kilikuwa kikimgonga, naye alidhani ni kwa sababu ya kuruka chakula cha mchana. Alipokaa pale nje kwenye hewa ya mvua, kichwa kikapungua. Alirudi ndani, kikaanza upya. Ndipo akawatazama watu vizuri. Bibi yake bibi harusi alikuwa anasinzia na kipande cha keki mkononi. Wasimamizi wa harusi walikuwa wamejishika vipaji vya nyuso. Watoto walikuwa wamelala chini ya meza, hata wale watundu ambao hawajawahi kulala mchana tangu wazaliwe. Hakujua jina la kitu kile. Alijua tu kwamba ndani kipo na nje hakipo.

Aliogopa kupiga kelele, kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa na mlango ulikuwa mmoja. Alimwinamia mpiga ngoma. "Tunatoka nje. Usiniulize, piga tu."

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii."

Kisha akamwambia bibi harusi kwa sauti ya chini, "Mama, shika mkono wa mumeo unifuate, na ucheke." Akapuliza wimbo wa kuwasindikiza maharusi, pumzi fupifupi zilizomtia aibu, akatembea kuelekea mlangoni. Wageni walidhani ni sehemu ya ratiba. Wakajipanga nyuma ya maharusi, wakacheza mpaka uani, wakiwabeba watoto mabegani na bibi wa watu juu ya kiti chake kama malkia. Yule muuza nyama alisimama kwenye mvua na suti yake mpya, hasira zimempanda.

"Mapafu, nilikuita upige muziki au uniloweshee wageni?"

Marehemu alivuta pumzi, akaibana, akarudi ndani na mpiga ngoma kufungua madirisha na kutazama chini ya kila meza. Nyuma, kwenye korido, walimkuta mtu wa jenereta ameketi sakafuni ameegemea ukuta, amefumba macho. Walimburuta kwa kwapa mpaka nje. Muuza nyama alipomwona, hasira ilimtoka pale pale, akavua koti la suti akamfunika mgonjwa, na alikuwa wa kwanza kuita gari. Mtu yule alipona kabisa. Bibi naye alipozinduka aliuliza nani kala keki yake.

Hospitalini, daktari wa zamu aliwaeleza kwamba moshi wa jenereta, na wa mkaa, na wa gesi isiyoungua vizuri, una sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na humlaza mtu polepole akidhani ni uchovu. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa daktari, mtu asiye na tarumbeta atajuaje?"

Daktari alicheka, akamwambia kipo kifaa cha kupimia, cha kushika mkononi. Marehemu alizunguka mjini akakipata katika duka la kofia ngumu na mabuti ya mpira: kipima gesi cha njano, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kioo kidogo cha namba na kibanio cha mkandani. Tangu siku hiyo hakuna ukumbi alioingia kabla ya kukitanguliza. Alikiwasha nje kwanza, kwenye hewa safi, akangoja kisome sifuri. Alibonyeza kitufe cha majaribio ili kilie, akihakikisha hakijafa kimya kimya. Kisha aliingia nacho akikishika usawa wa kifua, akitembea polepole kama bwana harusi, akisimama jikoni, koridoni, bafuni, nyuma ya jukwaa, popote penye moto au mashine. Namba zikipanda, alifungua milango, akawatoa watu, akatafuta chanzo. Alipima mwanzo wa sherehe na katikati, maana alisema jenereta halingoji hotuba ziishe.

Mwenye ukumbi mmoja aliwahi kumlalamikia kwamba bendi nyingine huja na tarumbeta tu. "Ndiyo maana mimi naja na vyote viwili," alijibu. Mkewe alikiita kifaa kile mke mwenza. "Analala kwenye droo ya soksi," aliwaambia mashoga zake, "na betri mpya anapata kabla mimi sijapata pazia." Kifaa kilipofika mwisho wa muda wake na mumewe akanunua kipya, alisema sasa kaongeza wa tatu.

Hata hivyo, siku ambayo familia hii haitaisahau ni ile ya mwaka 2012, walipokwenda kwa mara ya kwanza nyumbani kwa wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yao. Mkewe alimwapisha mlangoni kwamba hatakitoa kifaa. Aliapa. Walikaribishwa sebuleni, vinywaji vikaletwa, baba wa kijana, fundi saa, mtu wa maneno machache, akaanza kuzungumzia heshima ya familia zote mbili. Mama wa kijana alikuwa jikoni anasuuza vyombo kwa maji ya moto. Ghafla mfuko wa koti la marehemu ukaanza kulia.

Fundi saa aliutazama ule mfuko. "Mkwe, hupokei simu yako?"

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe alimgeukia marehemu kwa jicho lile analolijua kila mtu wa nyumba hii.

"Sikukitoa," marehemu alijitetea. "Kimelia chenyewe." Alikuwa amekiwasha kwao uani kwa mazoea, kabla ya kiapo. Alikitazama, akasimama, akasema kwa adabu zote, "Mkwe, naomba radhi. Mazungumzo haya ni mazuri na tuyaendeleze. Ila tuyaendelezee nje, wote, sasa hivi, na mama tumwite jikoni aache vyombo."

Mama wa kijana alitoka na mikono yenye povu, uso umekunjamana. "Bwana, nyumba yangu inanuka?"

"Hainuki, mama. Ndiyo ubaya wake."

Walifunga gesi ya hita ya maji, wakafungua madirisha, wakaketi uani juu ya kreti za soda wakimngoja fundi wa mabomba. Marehemu baadaye alikiri kwamba alikuwa akijiuliza kama amemwokoa mama mkwe na kumpoteza mume wa binti yake kwa pigo moja. Fundi alikuja, akapanda juu ya paa, akaingiza mkono katika bomba la kutolea moshi wa hita ya maji, akatoa kiota kizima cha ndege, kimeshikana kama kofia. Moshi ulikuwa umekosa njia ukarudi ndani.

Mama wa kijana alikitazama kile kiota kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwezi mzima kila nikiosha vyombo kichwa kinaniuma na moyo unanienda mbio. Watu wakaniambia ni mawazo ya kumwoza mwanangu. Na mimi nikaamini." Akamshika binti mkono. "Kumbe wewe nilikuwa nakupenda siku zote."

Hata fundi saa alicheka mpaka akavua miwani. Mazungumzo yalimalizikia pale pale juu ya kreti, na fundi wa mabomba akaalikwa harusini. Ukumbi wa harusi hiyo, mtaamini, ulipimwa na mama wa bwana harusi mwenyewe, marehemu akiwa pembeni anamwelekeza asimame wapi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa nguvu. Madaktari walikuta moyo wake umepanuka na kudhoofika, wakampa dawa, wakamkataza kupuliza tarumbeta. Katazo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Siku kadhaa baadaye, asubuhi, alimwita mjukuu wake wa kike, akamkabidhi tarumbeta, akaanza kumfundisha kwa kuimba kila noti kwa mdomo. Alipolazwa Aprili mwaka huu, aliwabembeleza wauguzi mpaka mmoja akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kuzunguka wodi, kifaa mapajani. Alirudi akawatangazia wagonjwa wenzake, kitanda kwa kitanda, "Sifuri. Laleni." Walimpigia makofi, naye akainamisha kichwa kama alivyofanya jukwaani.

Aliomba arudishwe nyumbani, akarudishwa. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, alikuwa amelala dirisha wazi. Mkewe alikuwa kando ya kitanda akipinda gauni la mteja, na mjukuu alikuwa uani anajifunza wimbo mpya. Alikosea palepale, mara ya pili, mara ya tatu. Marehemu alisema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo lakini iliyofika, "Usiukimbilie. Vuta pumzi kwanza."

Mtoto akavuta pumzi. Wimbo ukapita pale ulipokuwa unakwama, ukaenda mpaka mwisho. Mkewe aligeuka kumuuliza kama amesikia. Alikuwa amesikia, uso wake ulionyesha hivyo. Alikuwa amekwisha kututoka.

Marehemu ameacha mke, fundi cherehani wake wa miaka yote. Binti mmoja na wavulana wawili. Mkwe wa kiume, wakwe wa kike wawili, na wakwe wenzake, fundi saa na mkewe, waliofika hapa tangu juzi na kushika jiko lote la msiba. Wajukuu watano, mmoja wao akiwa ndiye atakayetupigia tarumbeta wakati wa kushusha jeneza, na tumekubaliana akikosea tutasubiri. Dada yake mkubwa. Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye msomaji wa wasifu huu. Na wenzake wa bendi, ambao leo wana kiti kimoja wazi.

Alipenda watu wapumue vizuri. Naye sasa Mungu ampumzishe vizuri.