Mwani Ndani ya Bidon

CHEBET: Haloo? Nani mwenzangu?

NSIMIRE: Ni mimi, Nsimire. Habari ya kazi, mtoto yangu?

CHEBET: Mama Prince! Salama tu. Niko huku Macquarie Fields, kazini kwa nyumba ya wazee, namwosha mzee mmoja. Ongea haraka.

NSIMIRE: Mi niko ku chuo, ndani ya lab yako. Nilimaliza kudeki, nikatingisha ile maji ya kijani vile unanituma kila Jumapili—

CHEBET: Asante sana, kwa kweli—

NSIMIRE: Ngoja. Chupa ilipasuka.

CHEBET: Ati?

NSIMIRE: Chini kabisa, krr! Lakini usiogope, niliokoa yote. Haikumwangika hata kijiko. Iko hapa ndani ya bidon.

CHEBET: Bidon gani?

NSIMIRE: Ile dumu nabebaga maji ya kunywa. Niliisukutua na maji ya moto, mara tatu!

CHEBET: Ya plastiki?

NSIMIRE: Sasa bidon ya nini tena?

CHEBET: Woi! Woi, Mama Prince...

NSIMIRE: Kwani imekufa? Iko nzima, kijani kabisa—

CHEBET: Haijafa, lakini vipimo vyangu vimeharibika! Si nilikuambia kazi yao? Mwani unawapa bakteria hewa, bakteria wanatafuna sumu ya plastiki iliyo kwa maji taka. Kila wiki napima imebaki kiasi gani. Sasa bidon yenyewe inatoa hiyo sumu, na wewe ukaitia maji ya moto tena! Utafiti wa miezi nane, Mama Prince. Miezi nane!

NSIMIRE: Donc, yaani niliwaongezea chakula?

CHEBET: Usinichekeshe, nitalia.

[simu inakwaruza]

NSIMIRE: Nisamehe. Kwetu Bukavu kitu ikipasuka unatafuta bidon. Sikuwaza mbali.

CHEBET: Si wewe, ni mimi. Nilikutuma nikijua mtu wa usafi haruhusiwi kugusa. Profesa wangu akijua, nimefukuzwa shule, na visa imeenda nayo. Wewe pia, kazi imeisha. Sasa sikia. Mwaga yote kwa sinki. Nitasema—

NSIMIRE: Chebet.

CHEBET: Nitasema chupa ilipasuka yenyewe—

NSIMIRE: Chebet, alinikuta.

CHEBET: Nani?

NSIMIRE: Profesa. Aliingia nimeikumbatia kama mtoto. Akauliza nani alinituma. Mi nikaogopa, nikamuambia vile tunaambiaga wakubwa wote: “No English.”

CHEBET: Lakini si unaongea vizuri tu!

NSIMIRE: Yeye hajui.

CHEBET: [anacheka] Afadhali! Basi ataachana na wewe.

NSIMIRE: Hapana, mtoto yangu. Nchi hii ukisema hujui Kingereza, wanakutafutia mkalimani. Aliuliza, “Swahili?” Nikaitika na kichwa. Ameenda ofisi kuchukua namba.

CHEBET: Namba ya nani?

NSIMIRE: Anajua mtu wa Kiswahili mwingine?

CHEBET: Woi! Atanipigia mimi nitafsiri!

NSIMIRE: Chebet? Bado uko?

CHEBET: Niko. Niende wapi? Mzee yuko majini, siwezi hata kutoka bafuni. Mama Prince, tafadhali. Sema ulikuta maji yanavuja, ukasaidia. Basi. Hakuna mtu alikutuma.

NSIMIRE: Leo nilidanganya mara moja tu, na ona imetufikisha wapi.

CHEBET: Fikiria kazi yako! Fikiria Prince!

NSIMIRE: Namufikiria. Asubuhi hii nilimuchapa, juu ya uongo.

CHEBET: Wee, ngoja, kuna simu ingine inaingia.

NSIMIRE: Ni yeye. Namuona kwa kioo ya mlango, simu iko ku sikio.

CHEBET: Niambie utasema nini! Haraka!

NSIMIRE: Nitasema ukweli yote, mwanzo mpaka mwisho. Na kwa Kiswahili.

CHEBET: Halafu mimi?

NSIMIRE: We ndiye mkalimani, utamuambia yenye utamuambia. Mi nitaitika na kichwa. Haya, pokea, mtoto yangu. Na umufunike huyo mzee, asishikwe na baridi.