Fundi wa Lifti Aliyependa Kupanda Mlima kwa Miguu

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Ghorofa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitindamimba wa fundi cherehani na mkewe. Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme mwaka 1972.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya lifti, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2011. Siku zake zilipita ndani ya mashimo yenye giza na harufu ya grisi. Labda ndiyo maana, rafiki yake dereva alipompeleka kwenye hifadhi ya mlimani, alisimama chini ya miti ambayo watu sita wasingeweza kuikumbatia, akasahau chakula chake garini. Tangu hapo likizo zake zote ziliishia huko.

Mwaka 1979 alimwoa mama yetu, muuguzi. Aliposikia fungate ni mlimani, mama alishika kiuno.

"Mwaka mzima unapanda ghorofa, na likizo tena upande mlima?"

"Huko hakuna anayenipigia simu kwamba amekwama."

Mama alicheka, akaenda. Kilele kilipokuwa kimeshaonekana, kichwa kilimbana, akaanza kutapika. Mwongoza wageni alijitolea kumshusha ili bwana harusi aendelee na wapandaji wengine. Baba alivua mkoba, akamkabidhi.

"Wewe beba huu. Mke nitambeba mwenyewe."

Alimbeba kweli, kila penye mteremko mkali, mpaka walipoifikia miti mikubwa na mama akapata nafuu, akaomba chai. Kilele walikifikia miaka kumi baadaye, mama akiwa wa kwanza.

Mwaka 2021 moyo wa baba ulianza kuchoka. Daktari alimkataza kwenda juu.

"Juu siendi, daktari. Miti yangu iko kule chini."

Daktari alicheka, akamruhusu aende polepole. Alikwenda, akiketi juu ya mizizi na kupiga soga na wageni asiowajua. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama, muda mfupi baada ya kuuliza kama mlimani mvua imenyesha.

Ameacha mjane, sisi watoto watatu, wakwe wawili, dada yake, na wajukuu watano. Wajukuu wote aliwafikisha kwenye miti ile. Mdogo kabisa alifika amelala fofofo mgongoni mwa mama yake, babu akamtikisa bega: "Amka, mzee mwenzangu. Usingizi utaukuta nyumbani."

Lala salama, baba. Mungu akupe pumziko la amani.