Msumari wa Kwanza Katika Stoo ya Shangazi

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika makao yetu ya watoto wa mitaani, Shangazi anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kwa haki alipaswa kustaafu miaka mitatu iliyopita. Mara mbili tulichanga fedha za keki, na mara mbili akaomba kuongezewa muda, akatoa sababu ambazo hata kuku wasingezikubali. Sababu ya kweli tuliijua wachache, na nitaieleza humu.

Mkurugenzi alitaka wasifu huu uandikwe na msomi, lakini wasomi wote wa ofisini wamekuja juzijuzi. Mimi mpishi ndiye pekee niliyebaki kati ya waliomwona akishuka kwenye gari siku ya kwanza. Basi nimeazimwa kalamu. Mkisikia harufu ya vitunguu kwenye karatasi hii, msishangae.

Alitumwa na akina mama wa kanisa la kwao, kutoka nchi ambayo sisi tuliijua kwenye ramani tu. Alikuja na sanduku moja, mwavuli, na mahubiri ya mwaka mzima yaliyoandikwa kwa mwandiko safi. Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya watoto akaanza kuhubiri, na kabla hajafika katikati wote walikuwa wamelala. Mtoto aliyelala vibarazani wiki nzima, akipewa benchi kavu na sauti ya upole, utamlaumu kwa lipi? Mmisionari mwingine angenuna. Yeye alishusha sauti asiwaamshe, akaendelea kunong'ona mpaka amina. Siku hiyo nilianza kumpenda, ingawa sikumwambia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa beseni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaogesha watoto wapya, na humo bafuni ndimo alimojifunza lugha yetu, kwa walimu wenye povu masikioni. Ndiyo maana alipotambulishwa kwa askofu mara ya kwanza, alimsalimia kwa salamu ya vijana wa kuosha magari. Tuliinamisha vichwa kwa aibu. Askofu akaitikia vilevile, neno kwa neno, na tukajua naye alitoka wapi.

Jina la Shangazi alipewa na watoto wenyewe. Mmoja wao alitufafanulia kwamba mama hawezi kuwa, kwa kuwa mama kila mtu alishakuwa naye, na wengine bado wanamsubiri, na kiti chake hakikaliwi. Shangazi anaweza kukugombeza, kukulisha na kukufungia kamba za viatu bila kumnyang'anya mtu nafasi yake. Alipolisikia jina hilo alikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji kwa muda, akarudi macho mekundu, akadai kwamba ni sabuni.

Sasa nije kwenye stoo, maana kila mgeni huiulizia.

Enzi hizo utaratibu ulikuwa mmoja. Mtoto mpya huogeshwa, huvishwa nguo safi, na matambara aliyokuja nayo huchomwa kwenye jiko la nje, kwa ajili ya chawa na upele. Vituo vyote vilifanya hivyo na hakuna aliyeona ubaya. Katika mwaka ule wa kwanza wa Shangazi aliletwa mtoto wa kike wa miaka kama saba, ambaye tulimwita Kimya kwa sababu hakusema neno. Alivaa sweta la mtu mzima lililomfika magotini, mikono imekunjwa na kukunjwa tena, limekakamaa kwa uchafu, na lilikuwa limebakiza vifungo vitatu vya shaba. Shangazi alimwogesha kwa mikono yake, akimwimbia, kisha akalibeba lile sweta kwa kijiti mpaka motoni, kwa furaha ya mtu anayetenda jema.

Kimya alitoka bafuni na gauni la maua. Alitafuta chini ya benchi, akatafuta nyuma ya mlango, halafu akaufuata moshi. Alisimama mbele ya jiko akatazama. Hakulia. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, alikuwa ameshatoroka.

Shangazi alimfuata mpaka stendi, na watoto wa huko ndio waliomweleza. Sweta lile lilikuwa la mama yake Kimya. Mama alifariki kwenye kibaraza cha duka, na watu wa manispaa walipokuja kumchukua, mtoto alibaki na sweta. Alikuwa akilala nalo usoni kwa sababu lilikuwa bado na harufu ya mama. Sisi, kwa sabuni yetu na moto wetu, tulikuwa tumemalizia kilichobaki.

Shangazi alirudi jioni hiyohiyo, akapiga magoti kwenye jiko la nje, akachambua majivu kwa vidole yakiwa bado na moto ndani. Nilimletea koleo, hakulitazama. Alivipata vifungo vyote vitatu. Aliviosha, akavitia kwenye kimfuko cha kitambaa, akaingia kwenye stoo yangu ya unga, akapigilia msumari ukutani na kukitundika. Nilimwuliza unga wangu nitauweka wapi. Nilipoona vidole vyake vilivyoungua, nikaanza kuhamisha magunia.

Kila Alhamisi alikwenda stendi, kimfuko mfukoni na mkate mkononi, akakaa kwenye ngazi ileile. Mara mbili alimwona Kimya kwa mbali, na mara mbili mtoto alimtazama akavuka barabara. Shangazi hakumkimbilia. Alisema kwamba mtoto aliyekimbizwa na kila mtu asikimbizwe na yeye pia. Kisha stendi ikasafishwa kwa amri ya wakubwa, watoto wakatawanyika miji mingine, na Kimya hakuonekana tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Alichoweza Shangazi ni kuhakikisha kwamba hayamwagiki mara ya pili.

Tangu hapo, hakuna kitu cha mtoto kinachochomwa wala kutupwa katika makao haya. Kinachochemsheka huchemshwa, kisichochemsheka huanikwa juani, kisha hutundikwa kwenye msumari wa mwenyewe. Hakishushwi ila kwa mkono wa mwenyewe. Mkiingia leo mtaona kijiko kilichopinda, nusu ya kioo, kofia ya utingo, kiatu kimoja, gunia, filimbi isiyolia. Mkaguzi wa afya alipokuja kuamuru vitu hivyo vitupwe, Shangazi, mwanamke ambaye humpisha hata paka mlangoni, alisimama kizingitini akakataa kusogea. Alimwuliza mkaguzi yeye mwenyewe nyumbani ametunza nini cha marehemu wake. Mkaguzi aliandika kwamba stoo ni safi, akaondoka.

Kijana mmoja alileta chupa yake ya gundi ya kunusa. Hapo tulibishana kweli, kwa kuwa mkurugenzi wa wakati ule alisema ile si mali bali ni sumu. Shangazi aliiziba kwa nta, akaitundika juu kabisa, na ngazi akaiweka jikoni kwangu. Kijana alikuja kuomba ngazi, akapanda na Shangazi akiwa ameishika kwa chini, akaitazama chupa, akashuka bila kuigusa. Alifanya hivyo mara kadhaa. Siku aliyoishusha, aliipeleka moja kwa moja chooni akaitumbukiza. Shangazi alinidai keki, na nilioka.

Mwingine alikuja na mlango. Ndiyo, mlango mzima wa mbao, aliokuwa akiulalia. Haukutundikika, ukaegemezwa. Miaka ilipita, akajifunza useremala, akapanga chumba, akarudi kuuchukua kwa mkokoteni. Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyepata mlango kabla ya nyumba, na mpaka leo tunamwita Fundi Mlango.

Msidhani Shangazi alikaa stoo tu. Bweni la wasichana lilijengwa kwa barua alizoandika. Darasa la jioni lilianza na yeye na ubao wa kukatia nyama alioukwapua kwangu. Watoto wengi amewasindikiza kwa basi, siku nzima ya vumbi, kuwarudisha kwa bibi zao, wajomba zao na mama zao wadogo, na hakumwacha mtoto mlangoni bila kwanza kunywa maji ya nyumba ile na kuona atalala wapi. Akina mama wa kanisa lake walituletea soksi kila mwaka, isipokuwa mwaka mmoja walipokosea wakatuma sanduku la tai. Kwa wiki nzima jikoni kwangu kulikuwa na foleni ya mawaziri.

Nisiwe kama shemeji harusini, nasifu tu: mapishi hayawezi. Uji wake ulitumika kubandika picha za malaika ukutani, na picha hizo bado zipo.

Kila Alhamisi kabla ya chakula cha jioni, yeye ndiye aliyeongoza maombi, na mpangilio haukubadilika. Tuliombea mkate, wagonjwa, mvua isiingie bwenini, na mwisho, "mwenye vifungo, popote alipo." Hakuwahi kuwaeleza watoto ni nani, kwa sababu hakutaka kuwatwika mzigo wake. Watoto nao hawakuuliza. Wapo waliokua wakiamini ni mtu wa kwenye Biblia. Katika mtihani wa shule ya Jumapili mmoja alimtaja Mwenye Vifungo kati ya manabii wadogo, na mwalimu, ambaye hakuwa na uhakika, akampa nusu alama.

Hiyo ndiyo sababu ya kutostaafu. Kila tulipomgusia habari ya kupumzika, jicho lake lilikwenda kwenye stoo. Aliogopa kwamba akiondoka, mtu atakuja siku moja na kukuta hakuna anayejua msumari wa kwanza ni wa nani.

Mwaka jana Fundi Mlango alipata kazi ya kutengeneza mabenchi ya kanisa dogo katika mji wa mbali. Jumapili ya kuyazindua wakamwomba aombe. Akaombea mkate, akaombea wagonjwa, na kwa mazoea ya utotoni akamalizia na mwenye vifungo, popote alipo. Baada ya ibada mama mmoja alimfuata, akataka kujua ni vifungo gani. Fundi alijibu kwamba hajui ni vya nani, ila utotoni alichungulia kimfukoni: ni vitatu, vya shaba, na viko kwenye msumari wa kwanza katika stoo alikolelewa. Yule mama akakaa kwenye benchi jipya, rangi yenyewe bado haijakauka sawasawa.

Alifika hapa mwanzoni mwa mwaka huu, ameshika mkono wa binti yake mdogo. Nilikuwa namenya viazi mlangoni. Hakumwulizia mtu. Aliulizia stoo. Shangazi, aliyekuwa akishona soksi kibarazani, aliinuka, na soksi zote zikamwagika chini. Alifungua mlango wa stoo, akasogea kando kama kanuni yake inavyotaka, na Kimya akakishusha kimfuko kwa mkono wake mwenyewe.

Shangazi alikuwa na maneno ya kuomba radhi aliyoyaandaa kwa miaka yote hiyo. Saa ilipofika, lugha yetu yote ilimtoka kichwani, akayasema kwa lugha ya kwao. Mimi sikuelewa neno. Kimya alimsubiri amalize, kisha akamweleza kwamba siku ile hakwenda mbali. Alirudi jioni kutafuta chochote kilichobaki, akapanda ukuta wa nyuma ya jiko, na akamkuta mtu mzima amepiga magoti anachambua majivu ya moto kwa vidole. Alimwona. Hasira ilimtoka palepale. Ila aliogopa kuingia, kwa kuwa alidhani akilala kwenye shuka zetu safi atamsahau mama yake. Akaongeza kwamba katika miaka yake mibaya, na ilikuwapo, alijikumbusha kuwa yupo mtu aliyeungua kwa ajili ya vifungo vyake. Mimi nilirudi kwenye viazi, na sijui nilimenya nini.

Kesho yake asubuhi Shangazi alipeleka barua ya kustaafu ofisini.

Vifungo viwili Kimya aliondoka navyo, kimoja chake na kimoja cha binti yake. Cha tatu aliomba uzi na sindano, akakishona kwenye sweta la kijivu la Shangazi, juu kabisa, karibu na shingo. Atalivaa siku ya kumuaga. Mtakaokuja, msimwambie kwamba kifungo kimoja hakifanani na vingine. Anajua.

Shangazi, asante kwa kushusha sauti watoto walipolala. Asante kwa vidole. Ufunguo wa stoo umeniachia mimi, na unga wangu hautarudi humo, usihofu. Huko kwenu ukapate kiti chenye mgongo mzuri, majirani wenye maneno machache, na mtu mwingine wa kukupikia, maana tunakujua. Alhamisi ijayo watoto wataomba kama kawaida: mkate, wagonjwa, mvua isiingie bwenini, na mwenye kifungo, popote alipo. Safari hii ni wewe.