Korongo Mwenye Kikuba

Zimeni hiyo AC, pumzi zangu haziwezi kushindana nayo. Njooni karibu, wanangu, Yaqdhan huku, Muhsina huku, na weye Balqees, mke wa mwanangu, usijifiche jikoni, leo maneno yanakukhusu.

Nyumba hii na ghala la Rusayl sina la kusema. Mungu keshagawa, na atakayemdhulumu mwenziwe asije kaburini kunililia. Mie nnasemea ile picha ya majlis, pale tunapokaribishia wageni.

Baba yenu Marhoon, Mungu amrehemu, alipokuwa mpishi wa meli alipewa na mzee wa Kijapani aliyekula wali wake akalamba vidole. Hariri tupu, korongo mmoja, na mti uliochanua theluji haijayayuka. Mzee akamwambia, hii twaitundika kufungulia mwaka. Mti asili yake Uchina, dua zimetoka Bara Hindi, sherehe yetu wenyewe, na korongo ndio umri mrefu. Baba yenu akacheka, akasema huyu basi jamaa yangu. Maana Unguja tukiitwa Wamanga, watu wa Arabuni, tulipofika Maskati tukaitwa Wazanzibari, na pilau yetu kila mtu akaila. Theluji mie siijui, lakini kuchanua kwenye baridi nnakujua, nlishuka hapa na nyinyi wawili na doti moja ya kanga, na nkachanua.

Sasa weye Yaqdhan, mwaka juzi nlipolazwa, ukachukua kalamu ukampiga korongo mstari wa shingo, eti malaika hawaingii penye picha ya kiumbe, na huyu keshakatwa kichwa, si kiumbe tena. Umelelewa chini ya picha ile, na malaika hawakupotea njia. Nikiswali naipa mgongo, kibla kiko upande mwengine. Dada yako akakwambia, "Basi kamkate na yule ng'ombe wa kopo la maziwa," ukanuna, mpaka leo hamli sinia moja. Mie sikuteta. Nlitia uzi kwenye sindano, kwa macho haya haya mabovu, nkamshonea korongo kikuba cha asumini na rehani, kama cha bibi arusi, juu ya mstari wako. Wageni wanauliza, Wajapani nao huvaa vikuba? Nnawambia, huyu wa kwetu anavaa.

Najua mkishanifukia tu, itashuka ukutani. Muhsina keshaitolea macho, Yaqdhan keshaitolea hukumu. Hampati hata mmoja. Yaqdhan, ulinikalisha hapa hapa ukanisomesha: mrithi hausiwi mali. Ahsante, baba. Mkeo hanirithi. Balqees, picha yako, nnakuusia mbele yao. Itundike kwenu Al Khuwair, ielekee kiti anachonywea kahawa mumeo. Na mali ya mke mume haigusi. Hilo pia kanifundisha yeye.

Unacheka, Yaqdhan? Cheka, siku nyingi sijayaona meno yako. Na weye Muhsina, ukiitamani, nenda Ijumaa ukaitazame, na huwezi kuitazama bila ya kuingia kwa kaka yako, na ukishaingia utakula.

Maji… kidogo tu. Wanioshe Muhsina na Balqees, pamoja. Matanga msiyarefushe. Radhi zangu mnazo nyote… hata weye, mwenye kalamu. Mungu akupeni umri wa korongo… na shingo zenu nzima.

Balqees. Uzi ule mkongwe, utafumka. Sindano imo… kwenye kopo la biskuti. Ushone tena. Na mumeo akikuuliza… mwambie mama kasema.