Mzee Sikio: Miaka Thelathini na Miwili Akiutazama Ukuta

Sauti iliyobaki nami kuliko zote za ofisi hii ni ya miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Haikuwa kubwa. Ila kiti kile hakikuwahi kugeuzwa kazi ikiendelea hadi siku moja mwaka jana, na tulipousikia mkwaruzo huo kila aliyekuwa mezani aliacha alichokuwa akifanya.

Mwenye kiti ni Mzee Sikio, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwa msikilizaji wa ofisi yetu ya tafsiri ya Maandiko. Kwa wageni wasioijua kazi hiyo: watafsiri wakimaliza kifungu, msikilizaji husomewa, kisha husema kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Hatakiwi kujua Kigiriki wala Kiebrania, wala kujua sisi tulitaka aelewe nini. Ndiyo maana alikaa akiutazama ukuta. Alisema tangu mwanzo kwamba uso wa msomaji huvujisha siri.

Alikuja kwetu kutoka chumba cha mitambo ya simu, ambako aliunganisha watu siku nzima bila kuingilia mazungumzo yao. Kwetu aliendelea na nidhamu ileile. Tukibishana kwenye chumba cha chai, mtu akimwona mlangoni husema, "Shusheni sauti, sikio linapita." Naye hujibu, "Endeleeni tu, wanangu, sikio halilali na njaa," kisha huchukua kikombe chake akanywee kwenye korido. Kanisani, mhubiri akianza kueleza maana ya asili ya neno fulani, Mzee hutoka nje. Mkewe husema mumewe anazijua ngazi za kanisa kuliko anavyoijua madhabahu.

Kazi zake zimejaa kurasa zetu ingawa hakuna aliyezitia sahihi. Tuliwahi kumsomea zaburi ya mtu aliyeinuliwa pembe. Akauliza, "Huyu ndugu ni ng'ombe, au wanajenga nyumba?" Kifungu kilirudi mezani. Leo msomaji hapo anakutana na nguvu, si pembe.

Mwaka jana tulifika kwenye hukumu ya mwisho, pale waovu wanapokwenda kwenye adhabu na wenye haki kwenye uzima. Kigiriki kinaeleza adhabu na uzima kwa neno moja, aionios, na tangu zamani sisi tumesoma "milele" pande zote mbili. Dawati la Kigiriki ni langu, na ni mimi niliyeleta hoja. Neno hilo limezaliwa na aion, ambalo kwa Wagiriki wa kale lilikuwa umri wa mtu, baadaye zama. Waliotafsiri Maandiko ya Kiebrania kwenda Kigiriki walilitumia kwa wakati ambao upeo wake hauonekani, mbele au nyuma. Wakaja watafsiri wa Kilatini, wakaweka mahali pake neno ambalo kwao lilikwisha kujaa maana ya kisicho na mwisho. Waliohubiri kwa Kilatini hawakuona tena zama zinazokuja. Waliona kisichokoma, na watoto wao na wajukuu wao wakalelewa ndani ya hicho. Wanaopinga nao wana hoja nzito: neno hilohilo humweleza Mungu, na hakuna athubutuye kumwekea Mungu kikomo.

Jopo la watafsiri likagawanyika. Mchungaji, mwenyekiti wetu, alitaka "milele" ibaki. Tulikubaliana kumsomea Mzee maneno mapya, "adhabu ya zama zijazo" na "uzima wa zama zijazo". Akisikia mwisho ambao Kigiriki hakiusemi, "milele" inarudi. Akisikia wakati ujao tu, maneno mapya yanabaki.

Nilisoma kwa sauti bapa, kama mtu anayesoma majina ya mahudhurio. Ndipo kiti kikakwaruza, na tukauona uso wake.

"Msinihesabu leo," alisema.

Akatueleza kwamba alikuwa na mdogo wake aliyeacha kanisa akafa kabla hajarudi. Kaburini mhubiri alilitamka neno "milele" mbele ya mama yao, na mama aliishi miaka iliyobaki akimlilia mwana anayeungua, si mwana aliyekufa.

"Nimesikia mlango wa kutokea," Mzee alisema. "Lakini sijui kama mmeuweka nyinyi au nimeutoboa mwenyewe."

Mchungaji alikuwa amemzika mkewe mwaka uleule. Alizungumza polepole, akiangalia mikono yake. "Mlango huo, kaka, ndio unaoniibia. Neno ni moja. Ukiwafungulia wale watoke, na mke wangu umemfungulia atoke."

"Pole, Mchungaji."

"Usinipe pole, nipe jibu. Umetusikilizia miaka yote hii, leo unatuacha njia panda?"

"Sikio linalochagua ni mdomo. Na midomo hapa mezani mnayo ya kutosha."

Siku nyingine tungecheka. Mzee alimwomba katibu afute jina lake kwenye kumbukumbu za mstari huo, akachukua koti lake akaondoka. Kesho yake aliomba kustaafu kabla ya muda wake. Tulimsihi, mkewe naye alimsihi. Alikubali kumaliza vifungu vilivyobaki, basi.

Tukatafuta msikilizaji mwingine kwa mstari ule mmoja. Mchungaji aliweka sharti: awe mtu asiye na marehemu anayemtumainia wala kumwogopea. Lilionekana sharti jepesi. Tuliwauliza wanafunzi wa chuo jirani, mlinzi wa zamu ya mchana, dada wa mapokezi. Kila mmoja alikuwa na mtu wake. Fundi wa lifti, aliyekuja kwa ukaguzi tu, alisimama na bisibisi mkononi akasema, "Mimi ninao wawili. Mnamtaka yupi?" Jioni ile Mchungaji alisema tuache kutafuta.

Tangu hapo nimewafikiria sana wale watafsiri wa Kilatini. Vitabuni tunawataja kana kwamba hawakuwa na makaburi. Lazima mmoja wao alishika kalamu huku kuna mtu aliyetaka kumkuta tena na asimpoteze kamwe, na mwingine alikuwa na mtu ambaye hakutaka kumwona akitoka kwenye adhabu. Hilo halibadilishi maana ya neno. Limebadilisha namna ninavyobishana.

Mzee wetu, asante kwa kila kifungu kinachoeleweka leo kwa sababu wewe ulikubali kusema hukukielewa. Asante kwa chai uliyoinywa peke yako koridoni ili kazi yetu iwe safi. Sasa unaweza kukaa ndani hadi mahubiri yaishe, na mkeo ana hakika utasinzia. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na miaka mingi ya kusikia unachokipenda bila mtu kukuuliza umeelewa nini.

Kuna jambo hukuambiwa. Maelezo ya chini ya ukurasa ni kazi ya dawati langu, hayaendi mbele ya jopo. Juu tumeacha "milele", kwenye adhabu na kwenye uzima, kama Mchungaji alivyotaka. Chini nimeandika kwamba neno la asili, pande zote mbili, laweza pia kueleweka kuwa la zama zijazo. Nilimwonyesha Mchungaji kwa heshima. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Iwe kwa herufi ndogo." Ni ndogo. Na jina lako sikuliacha lifutwe. Nimeliandika kwenye kumbukumbu za mstari ule kama msikilizaji wake, pamoja na maneno yako yote ya siku ile, ukiwemo mlango. Kurasa zilikwenda kwa mpiga chapa Alhamisi iliyopita.